Pikapu Kuukuu na Mafundi Wake katika Afrika Mashariki

Pikapu za mwanzo katika Afrika Mashariki zilikuwa na mgongo wa mbao. Katika miaka ya 1920 na 1930, magari ya Ford na Chevrolet yaliletwa Nairobi yakiwa chesisi, injini na boneti, kisha yakapelekwa kwa maseremala na wahunzi, wengi wao wenye asili ya Punjab, wakayajengea kasha la mbao nyuma ya dereva. Walowezi wa Kenya waliyaita magari hayo "boksi bodi". Kasha moja lilibeba mapipa ya maji, mbolea, ndama, vibarua na familia ya mwenye shamba, kila mzigo kwa zamu yake. Nchini Marekani, Ford ilikuwa imeanza kuuza pikapu iliyokamilika kiwandani mwaka 1925 kwa dola 281, lakini kwa mnunuzi wa Nairobi kasha la kujengewa lilikuwa na faida moja kubwa: lilipopasuka, aliyelijenga alikuwa mtaa wa pili.

Faida hiyo ndiyo ufunguo wa historia nzima ya pikapu katika eneo hili. Magari yametoka Marekani, Uingereza, Ufaransa na Japani, lakini umri wa kila moja umeamuliwa na mtu aliyelala chini yake akiwa na spana. Pikapu iliyofahamika kwa mafundi iliishi miaka 30 au 40. Isiyofahamika iliachwa uani ikaota majani, hata kama ilikuwa imara kuishinda.

Neno fundi ni la kale kuliko gari. Lilimhusu mwashi, fundi cherehani na mjenzi wa majahazi kabla ya injini ya kwanza kuwashwa pwani. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, ilileta karakana kubwa za chuma, na baadhi ya watoto wa mafundi wa reli wakafungua gereji za awali. Vita Kuu ya Pili ikaongeza kundi jingine. Baadhi ya Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza walifundishwa udereva na umakanika, wakarudi nyumbani wakijua kufungua kabureta na kupanga breki. Miaka ya 1950 ilipofika, fundi wa magari hakuwa tena mtu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam peke yake.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Toleo lake la pikapu, lenye turubai nyuma, likawa gari la polisi, la mabwana shamba, la misheni na la wanyamapori. Lilipita penye matope pasipopitika, na bodi yake haikushika kutu hata katika hewa ya chumvi ya pwani. Lakini lilikuwa gari la serikali na la mwenye shamba kubwa. Mwenye duka wa Karatina au mkulima wa kahawa wa Moshi alihitaji kitu chepesi zaidi, kisichokunywa petroli nyingi, chenye uwezo wa kubeba tani moja siku ya soko na kumpeleka kanisani au msikitini siku ya ibada.

Mahitaji hayo yaliongezeka haraka. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima wengi wa Kiafrika nchini Kenya njia ya kulima kahawa, chai na mazao mengine ya biashara pamoja na kufuga ng'ombe wa maziwa. Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa yakagawanywa kwa wakulima wadogo. Maziwa, viazi na kabichi havingoji lori lijae. Vilihitaji gari dogo linaloondoka alfajiri.

Gari hilo likawa Peugeot, ambalo Wakenya wengi waliliita Pijo kwa ufupi. Modeli ya 404 ilitoka mwaka 1960, na pikapu yake, yenye turubai juu ya vyuma vya upinde, mwaka 1967. Sifa yake haikutokana na matangazo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, yalipita katika barabara zile zile ambazo wafanyabiashara walizitumia, tena msimu wa mvua, na watu walisimama kando wakahesabu nani amepita. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Chris Rothwell, katika 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na kwa mara nyingine magari saba tu yakamaliza. Kwa mtu aliyekuwa akidunduliza fedha za kununua gari, huo ulikuwa ushahidi uliotosha. Modeli ya 504 ilifuata, ikazinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari mwaka 1975 na 1978, na pikapu yake ikaanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Wakati huo Kenya ilikuwa imejenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: kimoja Thika, kimoja Nairobi na kimoja Miritini, Mombasa. Magari yaliingia nchini yakiwa vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa na wafanyakazi wa Kenya. Pikapu za Peugeot zilitoka Mombasa. Ufaransa ilipoacha kuitengeneza 404, Kenya iliendelea nayo kwa miaka zaidi ya kumi, na 504 iliendelea kuunganishwa nchini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilhali Ufaransa pikapu hiyo ilikoma mwaka 1993. Ndiyo sababu 504 yenye namba za miaka ya 1990 si ajabu Kenya. Watalii wa Kifaransa ndio waliozishangaa, kwa kuwa kwao lilikuwa gari la ujana wa baba zao.

Uimara wa Peugeot husifiwa sana, na sifa hiyo ni ya kweli, lakini husifiwa kwa sababu isiyo yenyewe. Gari hilo liliharibika kama magari mengine. Lililolitofautisha ni namna lilivyokubali kutengenezwa. Katika injini ya petroli ya 404 na 504, pistoni haipandi na kushuka ndani ya chuma cha bloku lenyewe. Inapanda ndani ya slivu, bomba nene la chuma linalochopekwa kwenye bloku na kuzungukwa na maji ya kupozea. Injini ikichakaa ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, fundi hufungua silinda hedi na sampu, hutoa pistoni na slivu zote nne, na kutia seti mpya. Injini inakuwa imezaliwa upya bila bloku kutoka ndani ya gari. Injini nyingi za Kijapani za wakati huo hazikuwa hivyo. Slivu haikuwepo, au haikuchomoka kirahisi, na injini ikichoka bloku lilipaswa kupelekwa kwenye karakana yenye mashine, tundu likapanuliwa kwa nusu milimita au milimita moja, kisha zikatafutwa pistoni kubwa zaidi. Mashine za namna hiyo zilikuwa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Chini ya mwembe wa Kitui hazikuwepo.

Kazi ya slivu ilikuwa na siri zake, na fundi aliyezijua alitafutwa kutoka mbali. Slivu hukaa juu ya gasketi nyembamba kule chini, na kilele chake hutakiwa kuchomoza juu ya bloku kwa kiasi kidogo sana ili hedi iikandamize sawasawa. Fundi mwanafunzi aliyefungua hedi kisha akazungusha krenki bila kuzibana slivu kwanza alizisogeza kutoka mahali pake. Gari liliwaka vizuri, likaondoka, na baada ya siku chache oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa maana maji yameingia kwenye sampu. Hedi yenyewe ni ya aluminiamu. Dereva aliyeliendesha gari likiwa limekauka maji aliipinda, na ilibidi isawazishwe kabla ya kurudishwa.

Peugeot ilikuwa pia na ubaya wake. Shafti inayopeleka nguvu nyuma imefungwa ndani ya bomba, jambo linaloilinda na vumbi na mawe. Lakini anayetaka kubadilisha klachi hana budi kulisogeza difu lote nyuma ili giaboksi itoke. Kazi ya saa chache katika Datsun ilikula siku nzima katika Pijo, na mafundi walitoza ipasavyo. Upande wa pili, 404 iliweza kuwashwa kwa hendeli. Betri iliyokufa haikumzuia mkulima kufika sokoni, mradi utingo wake alikuwa na mkono wenye nguvu na alijua kukwepa hendeli inaporudi kinyume.

Maarifa haya hayakuandikwa. Yalikaa mitaani. Nairobi yalikaa katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee waliendelea kuiita Grogan, kwa jina lake la kikoloni. Huko spea mpya, spea kuukuu na spea za kuchonga ziliuzwa bega kwa bega. Wahunzi wa Kamukunji waligeuza mapipa kuwa makarai na masanduku, na penginepo mafundi wa jua kali wakaunda ekzosi, matangi na bodi za pikapu. Serikali, baada ya kuwafukuza mara kwa mara, ilianza kuwatambua. Rais Daniel arap Moi alipozuru Kamukunji mwaka 1985 aliagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua lililowapa jina. Dar es Salaam kazi hiyo ilishikwa na Gerezani na Kariakoo.

Tanzania ilijifunza kuliko wote, kwa sababu ilibanwa kuliko wote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 viliifanya fedha ya kigeni kuwa adimu. Kulikuwa na kipindi ambacho magari ya binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Spea hazikuingia. Pikapu moja ilitolewa viungo ili nyingine mbili zitembee, bushi zikakatwa kutoka matairi makuukuu, na giaboksi ya aina moja ikafungwa kwenye injini ya aina nyingine kwa bamba lililotobolewa kwa mkono. Anayeidharau kazi hiyo kwa kuiita uchakachuaji hajui ilichookoa. Hospitali, shule na ghala za pamba zilifikiwa kwa magari hayo. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezitoa wapi, pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa mapema, maana zilirudisha gharama haraka.

Pikapu ilibeba watu vilevile. Kenya, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya usafirishaji mwaka 1973. Jina lenyewe limetokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Mafundi wa bodi wakafunika mgongo wa Peugeot na Datsun kwa bati na mabenchi mawili, abiria wakakaa wakitazamana, na gari likaitwa "face-me". Dar es Salaam magari ya namna hiyo yaliitwa "chai maharage", kwa kuwa abiria walikaa kama wateja wa mgahawa walioelekeana mezani. Kanuni za usalama zilizoletwa Kenya mwaka 2004 na waziri John Michuki, zenye mikanda na vidhibiti mwendo, ziliyakuta magari hayo tayari yamesukumwa vijijini na mabasi madogo ya Kijapani. Unguja ndiko mtindo ulikoendelea kwa fahari. Daladala zake nyingi zimekuwa pikapu zenye paa la mbao na mabenchi, kazi ya maseremala ambao babu zao wa ufundi ni wale wa boksi bodi.

Wajapani walikuwa wameingia polepole. Datsun ilishinda Safari mwaka 1970, 1971 na 1973, na sifa ya ushindi ikazifuata pikapu zake. Isuzu KB na Toyota Stout zilipata wapenzi wake. Toyota Hilux, iliyoanza 1968, haikutikisa soko mara moja. Kilichoibadilisha ni dizeli. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, wabebaji mizigo walianza kuhesabu kila lita, na mwishoni mwa muongo huo Hilux ikapata injini ya dizeli ya mfululizo wa L. Kizazi kilichotoka 1988, chenye injini ya 2L ya lita 2.4 na baadaye 3L ya lita 2.8, ndicho kilichomwondoa Mfaransa kwenye kiti. Injini hizo hazina plagi za kuwashia moto wala pointi za kusafisha. Hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta, dereva hulegeza skrubu na kuisukuma nje kwa pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Nozo zikichoka moshi unakuwa mweusi, zinapelekwa kupimwa, zinarudi. Adui yake mkubwa ni joto. Hedi ya 2L hupasuka ikichemshwa, na fundi mwaminifu humwambia mnunuzi aangalie rejeta kabla ya kuangalia rangi.

Kuhusu mzigo, vitabu vya viwanda vilisema tani moja au zaidi kidogo, yaani magunia 11 ya mahindi ya kilo 90. Barabara ilisema vingine. Magunia 20 hayakuwa ajabu, na gunia lenyewe halikuwa gunia. Kwa mtindo uitwao lumbesa Tanzania, viazi hujazwa hadi mdomoni, kisha juu hushonewa kichwa cha wavu kinachoongeza uzito unaoingia mfukoni mwa dalali. Kenya imepanga kisheria kuwa mfuko wa viazi usizidi kilo 50, na Tanzania imepiga marufuku lumbesa mara nyingi. Ili kustahimili uzito huo, wenye Hilux waliongeza mabapa ya springi yaliyotolewa kwenye malori yaliyokufa. Gari liliacha kulalia matairi, lakini uzito haukupotea. Ulihamia kwenye chesisi, ambayo hupasuka mara nyingi nyuma tu ya kebini, pale kasha linapoanza. Fundi wa kuchomelea hufunika ufa kwa bamba la chuma. Bamba lililochomelewa kwa kukata wima hutengeneza ufa mpya pembeni yake, na mafundi wazuri walijua kulikata kwa umbo la almasi ili nguvu isambae. Pikapu nyingi kuukuu zinazotembea leo zina kovu hilo, na hakuna kinachoeleza kwa ukweli zaidi zilikopita.

Kupanga mzigo ni ufundi wa peke yake. Kilicho kizito hukaa mbele ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa kikikaa mkiani kinaunyanyua usukani, na dereva huona wepesi wa hatari mikononi mwake kwenye kona. Mkaa hupangwa juu sana kwa kuwa ni mwepesi. Mchanga hauzidi nusu ya kasha. Ndizi hulazwa juu ya majani yake. Makreti ya nyanya hufungwa kwa kamba ya mkonge yenye fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Mzigo uliojenga sifa kubwa kuliko yote Kenya ni miraa. Majani yake hupoteza nguvu ndani ya takriban saa 48, na kutoka Maua, katika milima ya Nyambene, hadi uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi ni karibu kilomita 300. Pikapu zilizofungwa mzigo mchana ziliteremka kwa mwendo ambao wanavijiji wa kando ya barabara waliuogopa, nao wana haki, kwa sababu ajali za magari hayo ziliua wengi. Injini zake zilihudumiwa kwa uangalifu kuliko gari la mtu yeyote. Oili ilibadilishwa kabla ya wakati na matairi kabla hayajaisha, kwani gari lililokwama lilimaanisha mzigo mzima wa kutupwa. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwaka 2014, sehemu ya mbio hizo ilikatika, na katika njia fupi Toyota Probox ilichukua nafasi ya pikapu.

Wapo sasa wanaotunza pikapu kuukuu kwa mapenzi. Tangu 2003 mashindano ya Safari ya magari ya zamani yamerudisha mashine za miaka hiyo kwenye matope, na Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, nyingi zikiwa za kazi na za umri mkubwa, zilikusanyika Arusha. Lakini wapenzi walio wengi hawana chama. Ni wenye 504 ya urithi wanaoiweka hai kwa sababu baba aliwasomesha nayo, na wenye Hilux ya 3L wanaokataa kuibadilisha. Kukataa kwao kuna hesabu. Hilux iliyokuja katikati ya miaka ya 2000 inapuliza dizeli kwa amri ya kompyuta na kwa shinikizo kubwa sana. Ina nguvu zaidi na inatumia mafuta vizuri, lakini nozo zake ni ghali, haivumilii mafuta machafu, na fundi asiye na mashine ya kuisoma hawezi kujua inaumwa nini. Kwa mizigo midogo ya mjini, Watanzania wamehamia kwenye Suzuki Carry, yaani Kirikuu, na kwenye pikipiki za matairi matatu.

Hata hivyo pikapu ya spana haijaondoka. Kiwanda cha Miritini, kilichotoa 404 na 504, huunganisha Toyota Land Cruiser 79, gari la mfululizo uliozinduliwa mwaka 1984. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda sita iliyofungwa katika pikapu hizo, ilianza mwaka 1990, na pampu yake haina kompyuta.